Kipupwe kilipokosa baridi: Raha na hatari katika maziwa ya Minnesota

KIPUPWE cha kaskazini mwa dunia huanza Desemba na kumalizika mwishoni mwa Februari, wakati ambapo Mkenya anatafuta kivuli. Katika majimbo ya Marekani yanayopakana na Kanada, miezi hiyo mitatu si ya kujifungia nyumbani. Watu huteleza juu ya theluji kwa skii, huendesha pikipiki za theluji misituni, hukimbiza mbwa wanaovuta sleji na kuvua samaki kupitia matundu waliyoyatoboa kwenye maziwa yaliyoganda. Mitumbwi na kayaki huwa zimefudikizwa ghalani zikisubiri Aprili.

Kipupwe cha 2023-24 kiliivuruga ratiba hiyo. Kulingana na Shirika la Marekani la Bahari na Anga (NOAA), hicho ndicho kipupwe kilichokuwa na joto zaidi katika majimbo 48 yaliyoungana tangu rekodi zilipoanza kuwekwa mwishoni mwa karne ya 19. Wastani wa joto ulifika nyuzi 3 za Selsiasi, takriban nyuzi 3 juu ya wastani wa karne ya 20. Minnesota, jimbo lenye maelfu ya maziwa na lenye jamii kubwa ya Wasomali na Wakenya, liliguswa kuliko mengi. Mitaa ya Minneapolis, ambayo kwa kawaida hufunikwa na theluji hadi Machi, ilikaa na nyasi kavu wiki baada ya wiki.

Huenda tofauti ya nyuzi 3 ikaonekana ndogo kwa msomaji wa Nairobi, ambapo joto la asubuhi na la adhuhuri hutofautiana kwa nyuzi 10 au zaidi. Lakini barafu haina subira. Maji huganda kwenye sufuri, na pale ambapo wastani wa kipupwe uko karibu na kiwango hicho, nyuzi chache tu ndizo zinazoamua iwapo ziwa litabeba lori au halitambeba hata mtoto.

Sababu zilikuwa mbili, moja ya kupita na nyingine ya kudumu. Ya kupita ni El Nino, joto la maji ya Bahari ya Pasifiki linalosukuma njia za upepo wa juu na kuiacha baridi ya ncha ya kaskazini ikikwama Kanada. Wakenya wanaifahamu El Nino hiyo kwa sura tofauti kabisa: ndiyo iliyochangia, pamoja na joto la Bahari Hindi, mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 zilizoifurikisha mikoa ya kaskazini mashariki na bonde la Mto Tana. Hivyo basi, wakati familia za Garissa zilipokuwa zikihamishwa kwa mashua, wavuvi wa Minnesota walikuwa wakitazama maziwa yanayokataa kuganda. Sababu ya kudumu ni ongezeko la joto la dunia. Idara ya Maliasili ya Minnesota inakadiria kwamba maziwa ya jimbo hilo yamepoteza siku kati ya 10 na 14 za barafu kwa mwaka katika kipindi cha miaka 50.

Dalili kubwa kuliko zote ilionekana kwenye Maziwa Makuu matano ya Marekani na Kanada. Barafu ya maziwa hayo hupimwa kwa setilaiti tangu 1973, na kwa wastani huwahi kufunika zaidi ya nusu ya eneo lote wakati wa kilele. Mnamo Februari 11, 2024, ilifunika asilimia 2.7 pekee, kiwango cha chini kuwahi kuonekana tarehe hiyo. Ikumbukwe kwamba miaka 10 tu kabla ya hapo, mwaka wa 2014, barafu ilizidi asilimia 90. Katika kipupwe hicho cha 2014, zaidi ya watu 100,000 walitembea kwa miguu juu ya Ziwa Superior hadi kwenye mapango ya visiwa vya Apostle, Wisconsin, kujionea mapazia ya barafu yaning'iniayo. Wakati wa kiangazi mapango hayohayo huingiwa kwa kayaki. Katika kipupwe cha 2023-24 hayakufikika kwa miguu, kwa kuwa mbele yake kulikuwa na maji matupu yenye mawimbi.

Mashindano yaliyokosa theluji

Kwa upande wa michezo, hasara zilianza kuhesabiwa Januari. Mbio za mbwa za John Beargrease, zinazopita kando ya ufuo wa kaskazini wa Ziwa Superior na ambazo ni miongoni mwa ndefu zaidi nje ya Alaska, zilifutiliwa mbali kwa kukosa theluji. Mbwa hawawezi kuvuta sleji kwenye changarawe. Nyayo zao huchanika, na dereva hukosa mahali pa kuchimbia breki.

Mbio za skii za American Birkebeiner, zilizoanza mwaka wa 1973 na ambazo hukimbiwa kwa kilomita 50 kutoka Cable hadi mji mdogo wa Hayward, Wisconsin, ziliokolewa kwa ujanja. Waandalizi walitengeneza theluji kwa mashine, wakaitandaza kwenye mzunguko wa kilomita 10, na washindani wakauzunguka mara tano. Skii hiyo ya masafa marefu ni mchezo uleule ambao Mkenya Philip Boit aliushiriki katika Olimpiki ya Nagano mwaka wa 1998, alipomaliza wa mwisho na kumkuta bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akimsubiri kwenye utepe ili ampongeze. Birkebeiner zilikuwa zimefutwa kabisa mwaka wa 2000 na mwaka wa 2017, kwa hivyo kuzunguka mara tano penye njia nyembamba nyeupe katikati ya msitu wa kahawia kulionekana kuwa afadhali.

Theluji ya mashine, hata hivyo, si dawa ya kila mahali. Mashine hizo hunyunyiza matone madogo ya maji hewani, na matone huganda kabla ya kutua iwapo tu hewa ina baridi ya kutosha na ni kavu. Usiku wenye joto la nyuzi 4 haufai kitu hata mwenye mashine akiwa tajiri. Isitoshe, theluji hiyo inaweza kutandazwa kwenye kilima kimoja au mzunguko mmoja, wala haiwezi kufunika maelfu ya kilomita za njia za pikipiki za theluji ambazo ndizo huleta wateja katika mikahawa, vituo vya mafuta na nyumba za wageni za vijijini. Biashara ndogo za Minnesota, Wisconsin na Michigan ziliumia kiasi kwamba serikali kuu ya Marekani ilizifungulia mlango wa mikopo ya dharura ya riba nafuu, aina ileile inayotolewa kwa walioathiriwa na ukame. Na kwa kweli ulikuwa ukame, ila wa theluji.

Maajabu mengine yalipita upesi. Februari 8, 2024, Wisconsin ilipigwa na kimbunga cha nchi kavu, jambo ambalo halikuwa limerekodiwa katika mwezi wa Februari kwenye historia yote ya jimbo hilo. Kupe nao, ambao hulala kwenye majani makavu baridi inapozidi, walipata siku nyingi zaidi za kutafuta damu ya wapandaji mlima na mbwa wao.

Mtumbwi badala ya sleji

Penye hasara ya mmoja pana nafasi ya mwingine. Watu waliofungia skii zao stoo walishusha mitumbwi na kayaki. Mito ambayo kwa desturi huwa imeganda Februari ilipitika, na mwezi wa Machi maziwa mengi ya Minnesota yaliachana na barafu wiki kadhaa kabla ya kawaida, baadhi yakivunja rekodi zao.

Ni vyema kufafanua istilahi hapa. Kiswahili cha pwani hutofautisha kafi na kasia. Kafi hushikwa kwa mikono miwili bila kufungwa popote, ilhali kasia huegemezwa kwenye ubavu wa chombo. Mtumbwi wa Marekani Kaskazini, ambao asili yake ni ule wa magome ya mti wa bechi uliobuniwa na Waojibwe na jamii nyingine za wenyeji, huendeshwa kwa kafi. Ni mwepesi kiasi cha kubebwa mabegani na mtu mmoja kutoka ziwa moja hadi jingine, na kwa sababu hiyo Wafaransa waliokuwa wakinunua ngozi za wanyama katika karne ya 17 na ya 18 waliuiga bila kuubadilisha sana.

Makao makuu ya mtumbwi huo leo ni hifadhi ya Boundary Waters, kaskazini mwa Minnesota kwenye mpaka wa Kanada. Ina maziwa zaidi ya 1,000 na njia za mitumbwi zenye urefu wa karibu kilomita 1,900. Kwa kuwa inapendwa mno, idadi ya makundi yanayoingia kila siku hudhibitiwa kwa vibali maalumu kuanzia Mei 1 hadi Septemba 30. Nje ya kipindi hicho mgeni hujijazia kibali mwenyewe langoni, bila kikomo cha idadi. Sheria hiyo ilitungwa kwa kutegemea kwamba barafu yenyewe ndiyo mlinzi wa mlango hadi mwishoni mwa Aprili. Barafu ikiondoka mapema, mlinzi huyo hayupo, na mwenye mtumbwi anaweza kuingia porini wakati ambapo makundi ni machache, msaada uko mbali na maji yangali na baridi kali.

Hiyo baridi ya maji ndiyo kiini cha suala zima, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Hewa hupata joto kwa siku moja. Ziwa lenye kina huchukua wiki na miezi. Siku ya Machi yenye jua na joto la nyuzi 15 humfanya mtu avae fulana, ilhali maji yaliyo chini ya mtumbwi wake yana nyuzi 3 au 4. Maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 zaidi ya hewa yenye joto sawa na hayo.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, ambaye amejitumbukiza mwenyewe mara nyingi katika maji ya barafu kwa ajili ya utafiti, ameyafupisha yanayompata aliyetumbukia kwa tarakimu tatu: moja, kumi, moja. Katika dakika 1 ya kwanza mwili hushtuka. Mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka na kuhema kwa kasi, na kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, pumzi hiyo huwa ya maji. Kisha ana kama dakika 10 za kutumia mikono na miguu kabla misuli haijakataa amri. Mwisho, ana karibu saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi.

Utaratibu huo unaondoa dhana iliyozoeleka kwamba watu hufa majini kwa kuganda. Wengi hufa mapema zaidi, katika dakika zile za mwanzo, kwa kushindwa kupumua au kuogelea. Ndiyo maana muogeleaji hodari asiye na jaketi la kuokoa maisha ana nafasi ndogo kuliko asiyejua kuogelea aliyelivaa. Saa ile moja ni ya yule tu ambaye kichwa chake kimeshikiliwa juu ya maji. Wapiga kafi wazoefu wa Ziwa Superior wana kanuni yao: vaa kulingana na maji, si kulingana na hewa. Maana yake ni suti isiyopenyeza maji yenye nguo za sufu ndani yake, hata kama jua linawaka na mvaaji anatokwa na jasho. Ni vazi ghali, na wageni wa mchezo huo wanaovutiwa na siku moja nzuri ya Machi ndio wasiokuwa nalo.

Barafu inayodanganya

Kuna hatari ya pili, ile ya barafu ambayo ipo lakini haitoshi. Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri mtu asitembee juu ya barafu mpya iliyo safi ikiwa na unene wa chini ya sentimita 10, na gari dogo linahitaji zaidi ya mara mbili ya hapo. Barafu iliyoyeyuka na kuganda tena, yenye rangi ya maziwa na vipovu ndani, hubeba takriban nusu ya uzito huo. Kipupwe chenye joto hutengeneza barafu ya aina hiyo kwa wingi.

Ziwa Upper Red, kaskazini mwa jimbo hilo, ni la kina kifupi, hivyo huganda kabla ya mengine na kuwavuta wavuvi wenye hamu. Mnamo Desemba 29, 2023, pande la barafu lilimeguka na kupeperushwa na upepo likiwa na watu zaidi ya 100 juu yake. Kabla ya waokoaji kufika, watu waliokuwepo walijaribu kuwavusha wenzao kwa mtumbwi. Wanne wakatumbukia majini. Waokoaji walitumia mashua na vyombo vyenye kuelea, na kufikia usiku watu wote 122 walikuwa wameondolewa salama. Haukuwa uokoaji wa kwanza ziwani humo msimu huo. Mwenye kusoma taarifa za tukio hilo hupata ugumu kuamua kipi ni cha kustaajabisha zaidi, kwamba wote walipona au kwamba waliokwenda walikuwa wengi hivyo.

Takwimu za kimataifa zinaonyesha kuwa jambo hilo si la bahati mbaya tu. Utafiti ulioongozwa na Sapna Sharma wa Chuo Kikuu cha York mjini Toronto, uliochapishwa mwaka wa 2020 katika jarida la PLOS ONE, ulichunguza takriban vifo 4,000 vya kuzama wakati wa kipupwe katika nchi 10. Vifo vilikuwa vingi zaidi pale ambapo joto la hewa lilikuwa kati ya nyuzi -5 na 0. Kwenye baridi kali kuliko hiyo barafu ni imara. Kwenye joto zaidi hakuna anayeikanyaga. Balaa liko katikati, na ongezeko la joto linayasogeza maeneo mengi mapya kwenye hali hiyo ya katikati.

Akiba iliyokosekana mlimani

Kwa wapiga kafi wa mito yenye kasi, hesabu ni tofauti. Mito hiyo hutegemea theluji iliyojikusanya kipupwe kizima na kuyeyuka polepole wakati wa machipuko. Theluji ni akiba ya benki. Mvua ni kibarua cha siku. Mwenye kibarua anaweza kushiba leo na kulala njaa kesho.

Mfano mashuhuri ni California. Mnamo Aprili 1, 2015, baada ya kipupwe chenye joto, theluji ya milima ya Sierra Nevada ilipimwa na kupatikana kuwa asilimia 5 tu ya kawaida. Gavana Jerry Brown alisimama kwenye nyasi kavu mahali ambapo desturi ilikuwa kusimama juu ya theluji nene, akaamuru matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa asilimia 25. Kaskazini yake, Oregon na Washington zilipata mvua isiyopungukiwa sana mwaka huo, ila ilinyesha kama maji badala ya theluji na kukimbilia baharini Januari. Mito iliyotazamiwa kuwa na maji ya kuchezea Juni ilikuwa mawe. Mnamo 2023 mambo yaligeuka: theluji ya Sierra ilizidi mara mbili ya kawaida, na baadhi ya mito ilifungwa kwa sababu ilikuwa na nguvu ya kuua.

Minnesota nayo ilionja vyote viwili katika mwaka mmoja. Baada ya majira matatu mfululizo ya kiangazi chenye ukame na kipupwe bila theluji, machipuko ya 2024 yalianza na mito iliyolala. Halafu Mei na Juni zikaja na mvua nzito, mito ikafurika, na Juni 24 maji yakabomoa ukingo wa bwawa la Rapidan kwenye Mto Blue Earth. Mpiga kafi aliyelalamika Aprili kwamba mtumbwi unakwaruza mawe alikatazwa Juni kusogelea mto huohuo.

Afrika Mashariki haina akiba ya namna hiyo. Vijana wanaoteremka Mto Tana kwa boti za mpira pale Sagana hutegemea mvua za Mlima Kenya na Aberdare, kwa kuwa barafu iliyosalia kileleni ni kidogo mno kuweza kulisha mto.

Waliopoteza kimyakimya ni Waojibwe. Kila mwishoni mwa kiangazi wao huingia maziwani kwa mitumbwi kuvuna mpunga wa mwituni, waanaouita manoomin. Mmoja husukuma mtumbwi kwa upondo na mwingine huinamisha mashuke na kuyapukutisha kwa fimbo mbili. Ni chakula, ni kipato na ni ibada. Mbegu za mmea huo haziamki bila kulala miezi mitatu au zaidi kwenye maji yaliyokaribia kuganda, na barafu nzito husaidia kung'oa mimea mingine inayoshindana nao. Vipupwe vyenye joto humpunguzia mpunga huo usingizi na kumwachia washindani wake nafasi. Watalii wanaopiga kafi Machi kwa furaha hupita juu ya mashamba hayo bila kujua kilichozikwa kwenye tope.

Baridi ilirejea mwaka uliofuata. Mnamo Februari 2025 barafu ya Maziwa Makuu ilifunika takriban nusu ya eneo lake, kiwango cha kawaida. Huko Ottawa, Kanada, mfereji wa Rideau wenye njia ya kuteleza ya kilomita 7.8, ambao haukufunguliwa hata siku moja katika msimu wa 2022-23 kwa mara ya kwanza tangu uanze mwaka wa 1970-71, uliwapokea watelezaji kwa zaidi ya siku 50.